Mama, Mzee Kioko na Filamu za Theluji

Makadara, Jumapili jioni. Krismasi ni wiki ijayo.

Mvua imekatika, vumbi limerudi, na jua la leo lilikuwa la kuchoma utosi. Miguu inaniuma mpaka magotini. Desemba yote nimesimama kwenye kaunta ya supamaketi na kofia nyekundu ya manyoya kichwani, nikisikiliza nyimbo zilezile za kengele, nikiwatabasamia wateja kwa sababu meneja anasema tabasamu ni sehemu ya sare.

Nikifika nyumbani sitabasamu. Navua viatu tu.

Nyumbani ni kwa Mama. Nilirudi hapa ndoa yangu ilipovunjika, nikidhani nitakaa mwezi mmoja au miwili hivi. Bado nipo.

Tangu Novemba runinga ya Mama haijaonyesha kitu kingine ila filamu za mapenzi za Krismasi, zile za runinga tu, ambazo hazijawahi kukanyaga jumba la sinema. Ni hadithi za mapenzi za kale zilizovishwa sweta. Familia mbili zinazochukiana mpaka watoto wao wanakufa? Humo wanageuka wenye maduka mawili ya keki yanayotazamana, na hakuna anayekufa. Binti maskini na mwana wa mfalme? Humo binti anapanga maua hotelini, na mwana wa mfalme amekuja kupumzika. Theluji inaanguka kwa adabu. Hakuna hata mmoja anayekohoa.

Mama anazipenda mno. Na kila Jumapili baada ya kanisa, Mzee Kioko huja kuzitazama naye.

Mzee Kioko anakaa nyuma ya nyumba yetu. Ni Mkamba wa Machakos, aliendesha lori maisha yake yote, na mkewe alifariki kabla ya baba yetu, akamwachia binti, Mwende. Huja na nyama ya soko la Burma imefungwa kwenye gazeti, anavua kofia mlangoni, anaketi. Kiingereza cha wale wazungu kinamponyoka, kwa hivyo Mama humtafsiria. Nikiwa jikoni nawasikia. Yeye huuliza, "Sasa huyu analia nini?" na Mama anamweleza kwa subira ambayo sikumbuki kama aliwahi kutuonyesha sisi watoto wake.

Mimi nilishaamua kimoyomoyo kwamba hawa wawili wataoana. Sikumwambia mtu.

Leo nimetoka zamu ya asubuhi nikawakuta wako katikati ya filamu. Msichana alikuwa amemkataa kijana maskini kwa sababu familia yake ilimshauri hivyo. Miaka imepita, kijana amerudi na pesa na koti zuri, na sasa wanakutana kwenye mashindano ya kuoka mikate. Mama alikuwa ameshika kikombe cha chai na amesahau kunywa. Nikajitupa kwenye kochi la pembeni.

Hapo ndipo kaka yangu mkubwa, Wafula, akaingia. Anakaa mtaa wa Komarock na huwa hapiti bila kupiga simu. Leo hakupiga.

Alisimama mlangoni akimtazama Mzee Kioko. Hakumwamkia.

"Mzee, hicho kiti ni cha baba yetu."

Mzee Kioko akainuka polepole, akasema, "Sikujua, kijana wangu. Nisamehe," akahamia kwenye stuli karibu na mlango. Kofia yake aliishika kwa mikono miwili magotini, kama mtu anayengoja kuitwa ofisini.

Nilisikia aibu iliyonipanda mpaka masikioni.

Kwenye runinga watu walikuwa wanapaka keki sukari.

Wafula akaketi kwenye kile kiti, akaeleza kilichomleta. Nyumba ya Bungoma imeshaezekwa. Yeye na wadogo zetu wamekubaliana kwamba tukienda ushago, kijijini kwetu, Krismasi, Mama atabaki hukohuko. Kuna hewa, kuna mboga, kuna kaburi la Baba la kuangaliwa. Makadara si mahali pa mama mzee. "Na watu wameanza kusema," akamalizia, bila kumtazama Mzee Kioko.

Nilikuwa nimechoka. Sijui kama hiyo ni sababu au kisingizio. Nilisimama bila viatu katikati ya sebule nikaanza kupiga kelele. Nilimwambia Wafula kwamba Mama si mzigo wa kupakiwa kwenye basi. Nilimwambia Mama ana haki ya kupendwa. Nikanyoosha kidole kwenye runinga, nikasema hata huyo msichana ameharibiwa maisha na ushauri wa familia, na kwamba Mzee Kioko atamwoa Mama na sisi tutacheza kwenye harusi tukitaka tusitake.



Mama akachukua rimoti akazima runinga. Sijawahi kumwona akizima filamu kabla haijaisha.

"Nekesa," akaniita, "nani alikuambia naolewa?"

Nilimgeukia Mzee Kioko, na uso wake ukaniambia kitu ambacho natamani nisingekiona. Alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amevaa shati jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana kifuani.

"Mama Wafula," akasema taratibu, "kusema kweli, leo nilikuja kuuliza. Sikutaka iwe hivi, mbele ya watoto."

"Uliza basi," Mama akasema. "Wao ndio walioanza."

"Nilitaka kuuliza kama tunaweza kukaa pamoja. Kwako au kwangu. Kihalali, kanisani."

Mama aliweka kikombe chini.

"Hapana, Baba Mwende."

Alisema kwa upole sana. Kisha akaendelea, na sasa alikuwa anaongea na sisi sote.

"Baba yenu nilimpenda, na nilimfulia soksi mpaka siku alipokufa. Sitafua tena soksi za mwanamume. Hizi filamu nazipenda kwa sababu zinaisha pale wanapobusiana. Hakuna hata moja inayofika Januari. Na wewe Wafula, Bungoma nitakuja Krismasi, nitafagia kaburi la baba yako, na tarehe mbili nitapanda gari nirudi hapa. Hapa nina kanisa langu, nina chama changu cha akina mama, nina jirani. Mgeni wangu akija, atakaa kiti nitakachompa."

Wafula akainuka kwenye kile kiti. Akasema lazima aende, watoto wanamngoja. Mlangoni alisita mbele ya Mzee Kioko, akampa mkono. "Shikamoo, Mzee." Ilichelewa, lakini aliisema, na yule mzee akaipokea.

Mzee Kioko naye akaaga. Nilimsindikiza mpaka kwenye geti lake kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Wewe hujanikosea, mwanangu. Nilikuwa naogopa kuuliza tangu Pasaka. Sasa angalau nitalala na jibu." Nikamuuliza kama atakuja tena Jumapili, Mama akirudi kutoka Bungoma. Akaigeuzageuza kofia.

"Nitakuja. Lakini si ile ya kwanza. Nipe kidogo."

Nimerudi nikamkuta Mama anaosha vikombe. Vilikuwa visafi tayari. Hakugeuka.

"Amekasirika?"

"Hapana. Amesema atakuja, ila si Jumapili ya kwanza ukirudi."

Akaitikia kwa kichwa. Mabega yake yalishuka kidogo, na nikaelewa kwamba ile hapana ilimgharimu na yeye pia. Katika filamu zake, anayekataa huwa hajui anachokitaka, na dakika za mwisho anakimbia kwenye theluji kurekebisha mambo. Mama alikataa akijua kabisa. Hakuna mahali pa kukimbilia. Anampenda yule mzee, nadhani, kwa kipimo chake mwenyewe: alasiri moja kwa wiki, na mlango anaoufunga mwenyewe.

Hilo sikuwahi kuliona. Nilikuwa naandika harusi yake kichwani kwa sababu ndoa yangu ilikwisha vibaya, na nilitaka kuona moja inayokwisha vizuri.

Akajifuta mikono, akaketi kando yangu.

"Na wewe, Nekesa? Wewe unataka nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo tangu nirudi hapa. Nilitafuta jibu la maana. Nilitafuta kweli.

"Kulala, Mama."

Alicheka, akaivuta miguu yangu mapajani mwake akaanza kuikanda kwa mafuta ya kujipaka, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo. Hakuuliza tena. Naandika haya huku bado ananikanda kidole kimoja kimoja, na nje watoto wa majirani wanarusha fataki kabla ya wakati wake.

Zamu ya kesho inaanza saa mbili asubuhi. Swali la Mama nimelibeba. Leo sina nguvu ya kulijibu, lakini sitalitupa.