Kila Akishuka Kwenye Gari la Fundi Saa, Mimi Naomba Mkopo

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, ingawa mtu kama mimi msaada wa nini, maana tangu nizaliwe sijawahi kumwonea mtu wivu. Huo ni uongo, nimeuandika ili mkono uzoee kalamu. Mimi ni kinyozi, mzee, shule niliiacha kabla haijaniacha, na wivu nilionao sasa hivi haulali wala haunilazi.

Mke wangu ana goti bovu, hospitali wakamwambia aende mazoezi ya viungo kila wiki, na ngazi za basi ziko juu, ndipo jirani yetu fundi saa, aliyefiwa na mke, mwenye kigari cheupe na mashati yaliyopigwa pasi hadi kwapani, akasema, "Shemeji, mimi naelekea huko huko," na nikamshukuru kwa mdomo wangu huu huu, sasa kila wiki mke wangu anakaa kiti cha mbele, anafungiwa mkanda, anarudi anacheka. Namuuliza, "Mnacheka nini?" Ananijibu, "Mume wangu we, ungekuwepo ungecheka." Sikuwepo, mshauri, hilo ndilo linaloniua. Mwanamke yule nimemchekesha maisha yote bila injini.

Nikaamua kununua gari. Ila sikutafuta mkopo kama watu wenye akili zao. Kila akirudi na kicheko kipya kinachonichoma, kesho yake nafunga duka, naingia kampuni ya mikopo nisiyowahi kuingia, najaza maombi, natoka nimepoa. Nikaendelea hivyo tangu mvua, mpaka jua, mpaka mvua tena. Wengine walikubali, nikakataa mimi, nikisubiri atakayenipa gari lenye pua ndefu kuliko la fundi saa. Juzi binti wa dirishani akaitazama kompyuta, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, umeomba kila mahali. Alama zako za mkopo zimeshuka."

Nikamwambia, "Mwanangu, nilikuwa nauliza bei tu. Hata sokoni mtu anauliza nyanya."

Akasema, "Muuza nyanya haandiki kwamba uliuliza."

Sasa yupo mteja wangu mmoja, kichwa kikubwa, nywele chache, anakopesha watu na habari za alama hana. Atanipa hela Ijumaa akipata dhamana. Nimemwahidi cherehani ya mke wangu, ile iliyosomesha watoto wetu, na mwenyewe hajui. Nisaini, nisisaini?

Halafu, mshauri, unajua nakudai. Kila gazeti likitoka nawasomea wateja safu yako kwa sauti, hata wenye haraka zao, maana nimeshika wembe, wataenda wapi. Nilipe kwa jambo dogo tu: jibu langu lichapwe kwa herufi kubwa. Miwani yangu imelegea skrubu, na anayeitengeneza ni fundi saa.

Kinyozi

*

Mzee wangu,

USISAINI. Herufi kubwa zimeishia hapo, mengine mtu akusomee.

Cherehani si yako. Usipomlipa huyo mwenye kichwa kikubwa, ataibeba, na mkeo akikuta meza tupu hutahitaji tena kuuliza anacheka na nani.

Tuje kwenye alama, kile kipimo cha wakopeshaji cha kujua kama utalipa. Kila ulipojaza maombi kamili, kampuni ilifungua taarifa zako za mikopo, na kila kufunguliwa kunashusha alama kidogo. Kidogo tu, lakini wewe umerundika. Anayezisoma anaona mtu anayehangaikia hela mwaka mzima, hawezi kujua ni kicheko kinachokuuma. Kulinganisha riba ni haki yako, tena ni akili. Ila sehemu nyingi, ukiwaendea wakopeshaji kadhaa wa magari ndani ya wiki mbili hivi, maombi yote huhesabiwa kama ombi moja, kwa sababu inaonekana unatafuta gari moja. Wewe umepanga maombi yako kwa kufuata hasira, miezi mbalimbali, kila moja likahesabiwa peke yake.

Kwa hiyo acha kuomba. Madeni uliyonayo yalipe kwa wakati, alama zitapanda polepole. Siku ukilitaka gari kwa ajili ya goti na si kwa ajili ya pua yake, anza na makadirio ya awali, na kabla hujatoa kitambulisho uliza: "Mnanikadiria tu, au mnafungua taarifa zangu zote?" Makadirio hayo kwa kawaida hayashushi kitu. Ukishachagua wawili watatu, jaza maombi kamili wiki hiyo hiyo, umalize.

Wivu wenyewe sikulaumu, mtu haonei wivu asichokipenda. Nakulaumu kwa kuupeleka kwa binti wa dirishani wakati mwenye kuustahili unakula naye meza moja. Mtu anakwambia ungekuwepo ungecheka, wewe unakimbilia kukopa. Kigari kina kiti cha nyuma, mzee wangu. Wiki ijayo funga duka, panda, mshikie mkeo mkoba.

Lakini kabla ya Ijumaa mwambie habari ya cherehani. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, na akianza kufoka usiende popote.