Wakipiga Simu, Dada, Usiseme Mzima

Kambi ya Wafanyakazi,
Al Qusais,
Dubai.

Ijumaa, 14 Novemba 2014

Mpendwa Dada Ghania,

Asalaam aleikum. Barua hii ikukute umeketi, na kama umesimama, tafadhali keti. Hujambo, dada yangu? Shemeji Mkude kifua kimetulia? Mvua za vuli zimefika huko Matombo, au bado mnaangalia mawingu yakienda kwa watu wengine? Huku baridi imeanza, ile baridi yao ambayo wewe ungeiita asubuhi ya kawaida. Ndege zinapita chini juu ya paa letu. Mimi hulala chali nikazisindikiza moja moja mpaka zipotee, na mara nyingine naamua tu kwamba ile inakwenda Dar es Salaam, ingawa sijui.

Mimi je? Hapa ndipo mtu huandika kwamba ni mzima wa afya. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikishindwa kuandika hivyo.

Mwandiko usikutishe. Ni wangu, wa mkono wa kushoto, na umenichukua Ijumaa mbili. Mwezi Julai, katikati ya Ramadhani, nilikwambia kwenye simu kwamba nimeungua kidogo kiwandani na nimepona. Nilikudanganya, dada. Shuka lilijikunja ndani ya mashine kubwa ya kupigia pasi, nikanyoosha mkono wa kulia kulitoa, mashine ikauvuta. Hospitali walikata vidole vitatu. Kidole gumba na kile kidogo vipo, lakini havikunjiki. Basi, sasa unajua, na mimi nimepumua.

Usilie bado, kuna kazi ya kufanya.

Nimeomba malipo ya ulemavu. Watu wa bima wana karatasi ya daktari inayosema kidonda kimepona, na kweli kimepona, ila mkono ndio haukurudi. Kwa hiyo Jumatano ijayo watanipigia simu, na mkalimani wa Kiswahili katikati, waniulize ninaishije. Majibu yangu ndiyo yatakayoamua. Mkataba wangu unaisha Desemba na kafeel, yaani mwajiri aliyenidhamini huku, ameshasema hauongezi. Wakikubali, nitarudi na kitu cha kuanzia, pengine kile kibanda cha udobi mjini Morogoro tulichokuwa tukikiota. Wakikataa, nitarudi na begi.

Anayenifanyisha mazoezi ya kujibu simu hiyo ni Agneta, Mkenya wa Kakamega, msimamizi wetu wa kupokea mashuka. Kaka yake aliulizwa maswali ya namna hii huko kwao akakosa malipo, kwa hiyo Agneta hana mchezo. Saa ya chakula yeye husimama kwenye matoroli ya mataulo, mimi karibu na mlango wa malori, kisha ananipigia. Tunaonana kabisa. Lakini mvuke ukipita katikati yetu anapotea, inabaki sauti tu, na mimi naanza kuamini kwamba naongea na mtu wa mbali sana, asiyenijua, anayetaka kunijua.

Siku ya kwanza aliniuliza habari yangu. Nikajibu kama ulivyonilea: nzuri, alhamdulillahi, mzima kabisa, sijui wewe. Akakata simu, akaja mpaka niliposimama.

“Khalas, Kondo,” akasema. “Umejimaliza. Wameshaandika mzima kabisa, na hiyo simu inarekodiwa.”

Nikamwambia ile ni salamu tu. Akasema wao hawajui salamu, wanajua majibu. Ndipo nikakukumbuka wewe wodini, mwaka ule wa taifodi, huwezi hata kuinua shingo, jirani yetu Mama Joweria anakuuliza habari, nawe unamjibu salama tu, labda za kwenu. Ugonjwa huu wa kuwa wazima ni wa ukoo, dada, na aliyeniambukiza ni wewe, uliyekuwa ukinirudisha mlangoni nisalimie upya.

Tukaendelea. Naweza kuvaa shati? Naweza. Kufua? Naweza. Kila swali naweza, kwa sababu kweli naweza, na tena naona aibu kusema vinginevyo. Agneta akanifundisha nisijibu naweza, bali nieleze ninavyofanya: kwamba vifungo navivuta kwa meno, na kwamba Amour, mwenzangu wa chumbani, huoga, akavaa, akanywa chai, mimi bado niko kwenye shati lile lile. Akasema pia niwaeleze siku zangu mbaya, si ile moja nzuri.

Jumanne akaniuliza ninakulaje.

Hapa chumbani tunakula sinia moja, watu sita. Tangu Agosti nawaambia nimeshiba, au nina kiungulia. Nangoja wote watoke, kisha nakula kilichobaki kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, nikiwa nimeupa mlango mgongo. Naona haya kupeleka kushoto kwenye chakula cha watu. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Nikamwambia Agneta kwa simu, hatua ishirini kutoka aliposimama, na mvuke ulipoondoka nikamwona ameinamisha kichwa juu ya mataulo. Kisha akasema niiseme hivyo hivyo, nisibadilishe neno.

Halafu kuna hili, ambalo nakwambia wewe kwa raha yangu tu. Mchana wa Ijumaa, baada ya swala, usingizi ukinichukua, vidole hurudi. Havifanyi jambo kubwa. Vinamenya chungwa, lile la kwetu la ganda jembamba, na ganda linashuka refu bila kukatika, linatambaa sakafuni, linatoka mlangoni, linateremka bondeni, na ninyi huko chini mnalishika. Nakuwa na furaha ya kijinga. Nikiamka vinawasha, pale pale ambapo havipo. Nilimuuliza Agneta kama na hilo niliseme. Akasema ndiyo, ila kwa ufupi.

Sasa ni zamu yako. Nawe watakupigia, Jumanne ya tarehe 25, kwa sababu niliandika jina lako kama mtu wa nyumbani anayenijua. Watakuuliza nilikueleza nini. Bila barua hii ungewajibu kwamba Kondo aliungua kidogo akapona, ungekuwa mkweli kabisa, na mimi ningekosa. Ningeweza kukupigia mwenyewe, lakini wewe na mimi kwenye simu hatujui kuambiana lolote zaidi ya salama. Waambie yote, kwamba Julai nilikuficha na sasa nimesema. Usiongeze, usipunguze.

Barua anakuja nayo Severina, Mtanzania mwenzetu wa Kilosa anayefanya usafi hotelini. Anasafiri kesho, na ameahidi kukufikishia mkononi. Mpe chakula, ni mwembamba.

Nisalimie Shemeji Mkude, Tufaha na wanawe wote, na Mama Joweria, ambaye naomba asisomewe ile habari ya wodini. Mungu akutunzie macho na magoti, na mikono yako yote miwili iliyonilea.

La mwisho, dada. Kabla ya Jumanne hiyo, ingia jikoni peke yako useme neno hili kwa sauti: mkono wa kulia wa mdogo wangu haushiki tena. Rudia mpaka pumzi isikukatike katikati. Mimi lilinichukua siku tisa. Ukiweza kulifikisha mwisho bila kubandika alhamdulillahi nyuma yake, uko tayari. Mwenyezi Mungu tutamshukuru sisi wawili, wao wakishakata simu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kondo