Kadi ya Salamu ya Marehemu Rashidi

Lushoto, juu ya soko
Jumatatu, baada ya mvua

Kaka Twaha,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu adabu inanitaka, si kwa sababu unastahili, maana umenizidi msimu mmoja tu wa maharage na umeutumia msimu huo kunitawala maisha yote. Natumaini goti limepoa, na joto la huko Mnazi halijakukausha ukawa mkonge. Mimi mzima, Latifa mzima, na baridi ya huku nzima kuliko sisi wote. Shemeji yako anakusalimu, anauliza kama bado unapasha ugali wa jana ukijidanganya kuwa ni wa leo.

Nasikia unalalamika kwa watu kwamba siku hizi nimekuwa bwana mkubwa, sipokei simu. Ni kweli sipokei. Nitakueleza huko mbele. Kwanza nikupe habari ya redio, kwa sababu najua jana ulikaa na kile kiredio chako ukausubiri wimbo wetu, na haukupigwa.

Kaka, wametubadilisha. Kipindi cha zilipendwa bado kipo, saa kumi alasiri ya Jumapili kama kawaida, matangazo ya vifo kwanza, halafu salamu na muziki. Ila zilipendwa zenyewe sasa ni nyimbo za wale vijana waliokuwa wakivaa suruali za kuingia watu wawili. Za bendi zetu zinatolewa moja moja. Habari hii niliipata mapema, nikajua wa kuumia ni wewe, maana sauti ya Hadija wako haipo popote tena isipokuwa kwenye ule wimbo wetu wa Magamba Jazz, wa bibi harusi anayekataa kuteremka nyikani kwa sababu ya joto. Aliimba akikataa, halafu akateremka na wewe Mnazi, na sasa amelala huko huko. Tangu tumzike, Jumapili yako ni ule wimbo tu. Hukuniambia, lakini najua.

Kwa hiyo nikaingia vitani. Unajua kipindi kinakwenda kwa kadi za salamu, wimbo ulioombwa na wengi ndio unaopigwa. Nikanunua kadi, nikajaza kwa jina langu, kwa jina la Latifa, kwa jina lako bila kukuuliza. Mbuzi wetu nikampa ukoo wa heshima, naye akasalimia. Majina yakaniishia, maana na wenzetu wameniishia, nikaanza kuandikisha marehemu. Sikuona ubaya. Rashidi wetu mpiga tarumbeta alikuwa mtu wa salamu kuliko sisi sote, nikasema kufa kusimpunguzie.

Kumbe nimesahau kwamba redio ile ile ndiyo iliyotangaza kifo chake. Mtangazaji ni binti mmoja anaitwa Jesca. Jumapili moja akasoma kwa huzuni kwamba ndugu na jamaa wote wanakaribishwa Vuga kwenye khitma ya arobaini ya mzee Rashidi. Kisha akafungua kadi ya kwanza ya salamu, naye akaisoma bila kuangalia mbele: Rashidi wa Vuga anawasalimu ndugu na jamaa wote, anasema yeye ni mzima wa afya, hofu ni kwenu. Latifa anasema redio ilinyamaza mpaka akadhani betri zimekwisha. Huko Vuga mjane alimwaga sufuria ya chai. Baadaye, nashukuru Mungu, akacheka, akasema hata alipokuwa hai mume wake alikuwa mwongo kuhusu afya yake.

Nikaitwa redioni. Hapakuwa na haja ya upelelezi, mwandiko wangu wa darasa la nne unajulikana mpaka ofisi ya kata. Nilikwenda na Latifa. Meneja ni Ulimboka, kijana kutoka Mbeya mwenye kitambi kinachoanza kujitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, akaniharibia kwa kutuwekea chai yenye tangawizi. Alizungumza kwa sauti ya mnadani, na Latifa akanirudia sikioni. Alieleza kwamba zilipendwa si nyimbo za mwaka fulani. Ni nyimbo mtu alizozipenda akiwa kijana, ndizo hazimtoki. Mwenye miaka hamsini leo, ujana wake ulikuwa wakati sisi tayari tunaumwa migongo. Kwa hiyo wanaongeza mbele kidogo, wanapunguza nyuma kidogo, la sivyo kipindi kitazikwa pamoja na wasikilizaji wake, na wenye matangazo ya mbolea watakimbia. Nikamwambia kumbe mnatung'oa kama karoti, zilizokomaa kwanza. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akasema mama yake huko Tukuyu naye amemnunia kwa jambo hilo hilo.

Pale kwenye benchi alikuwepo Zakia, yule anayeuza hoho na kabichi sokoni, ameleta kadi yake. Mimi siku zote humwita binti. Safari hii mtandio ulikuwa umeteleza, nikaona mvi. Alituamkia vizuri sana, akaniinamia sikioni, akaniambia kwamba miaka yote hiyo anaomba wimbo uliokuwa ukipigwa alipokuwa mchumba, na kila Jumapili anapigiwa tarumbeta zetu. Akasema, babu, nilikuwa nakusubiri umalize.

Twaha, nikampisha atangulie na kadi yake. Unajua ni mara ngapi hilo limenitokea.

Nikamwomba Ulimboka jambo moja tu, anipe wimbo wa Hadija niondoke nao. Hakubisha. Akamwita Jesca aunakili kwenye flashi, na Jesca, kwa wema wake, akasema niusikilize kwanza hapo studio. Akanivalisha yale mabakuli ya masikioni. Nikafumba macho, nikatikisa kichwa, nikaanza kupiga ngoma zangu juu ya meza, na pale anapoingia Hadija nikapunguza mkono kama tulivyokubaliana siku ile ya kurekodi. Nilipofumbua macho, Jesca ananitazama mdomo wazi na kidole chake hewani. Alikuwa hajauwasha.

Latifa akanishika mkono. Basi nikajua nitakuandikia.

Kaka, sisikii. Tangu mvua za mwaka juzi. Mtu akinipigia kelele sikioni naambulia maneno, lakini muziki umeondoka wote, na simu kwangu ni kipande cha sabuni. Kila Jumapili Latifa alikuwa akikaa karibu nami, wimbo wetu ukianza ananigusa goti, nami napiga mapigo mpaka mwisho. Nimekuwa nikiusikia kwa goti. Sikukwambia kwa sababu ungenitania, mpiga ngoma kiziwi, na mimi ningekutania hivyo hivyo. Zile kadi hazikuwa za masikio yangu. Zilikuwa za kwako.

Flashi hiyo nimeifunga ndani ya bahasha hii kwa plasta. Kiredio chako kina tundu lake pembeni, usije ukaichovya kwenye chai. Kadi zilizobaki nimempa Zakia, nikamsihi aandike walio hai tu.

Sasa unaweza kumsikia siku yoyote, lakini nakuomba Jumapili tushikamane. Saa kumi kamili wewe bonyeza. Huku Latifa atatazama saa, atanigusa goti. Usicheleweshe mapigo kama ulivyozoea enzi za bendi, maana safari hii siwezi kukusubiri.

Wasalimie majirani, na wale wanaokuuliza simu yangu waambie imezeeka. Ukipita kaburini nisalimie Hadija. Mwambie huku juu baridi bado ipo, ile ile aliyokataa kuiacha.

Ni mimi mdogo wako, kwa msimu mmoja tu wa maharage,

Selemani Shemboza
Mpiga ngoma