Hesabu ya Pili

Kwa dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua kila unapopanda ngazi. Mjukuu wako hajambo? Picha yake nimeibandika ukutani, juu ya meza yangu ya kazi. Kichwa ni cha shemeji, pole sana, lakini macho ni yetu. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio haujatulia, na sababu utaikuta humu humu, uwe na subira.

Uliniuliza kama ni kweli ulimwengu unatanuka, maana ulisikia redioni ukakosa raha. Ni kweli. Makundi ya nyota yanazidi kuachana, na yaliyo mbali zaidi ndiyo yanayokimbia zaidi. Lakini nyumba yako haitapasuka, wala jua halitatuacha; vilivyo karibu hushikana kwa mvuto. Hata hilo jua kuzeeka na kutuunguza ni habari ya miaka isiyohesabika, hata ukiazima vidole vya ukoo mzima. La kuogopa liko karibu zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kazi yetu hapa kituoni ni kufuatilia mawe yanayozunguka jua, tujue lipi linaweza kuigonga dunia. Kila jiwe huhesabiwa na watu wawili, vyumba viwili, bila kuoneshana. Kila mmoja hufunga jibu lake kwenye bahasha, na mkuu wa kituo huzifungua zote mbili mbele yetu. Wa kwanza ni mzee aliyenifundisha kazi. Tunamwita Mzee Desimali, kwa sababu hata ukimwomba chumvi atakuuliza gramu ngapi na nukta ngapi. Wa pili ni mimi.

Mwezi uliopita tulipewa jiwe kubwa kama uwanja wa mpira. Litatupita baada ya miaka kumi bila kutugusa, ila likipita, mvuto wa dunia utaipinda njia yake, na swali ni litarudi kupitia wapi. Kabla sijamaliza, mzee alinikuta nakoroga chai, akanipiga bega, akasema jiwe lile ni salama, nisijitese bure. Hakupaswa kusema, nami sikupaswa kusikiliza.

Nilirudi chumbani nikamaliza hesabu. Katika kila njia mia ambazo jiwe lingeweza kupita, tatu zilirudi moja kwa moja kwetu, miaka hamsini na minane kutoka sasa. Mjukuu wako atakuwa na umri ulio nao wewe leo. Nilirudia mara nne, jibu likawa lile lile, na bado nilijiona mjinga: mimi nani hata nimsahihishe mzee? Basi nikafuta vipimo vya darubini vya usiku mmoja, nikaandika pembeni kwamba anga lilikuwa na ukungu, zile njia tatu zikatoweka, na jibu langu likafanana na lake. Bahasha zikafunguliwa, mkuu akapiga makofi, na hiyo hiyo redio yako ikatangaza kwamba tuko salama.

Ijumaa iliyopita nilimfuata mzee chumbani kwake nikamweleza yote. Alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi zake. Kisha akasema kwamba mwaka wa pili huu macho yake yanachanganya safu za tarakimu, na hakumwambia mtu, kwa sababu alijua nyuma yake nipo mimi. Mimi namtegemea yeye, kumbe yeye ananitegemea mimi! Akaniomba ningoje mpaka Ijumaa hii, sherehe ya kumuaga kwa kustaafu ikishapita, aondoke na heshima yake.

Mficha uchi hazai, dada, kwa hiyo nakwambia: nilikubali. Nilikubali nikijua kwamba Alhamisi jiwe linaingia upande wa jua, na hakuna darubini itakayoliona tena kwa miaka saba. Mawe ya namna hii husukumwa kwa chombo cha angani, yageuze njia, yakiwa bado mbali, na kila mwaka unaopotea haurudi. Mzee naye alijua. Kalenda ya mawe aliichora yeye.

Leo Jumanne asubuhi nilikaa kuandika hotuba ya kumsifu, maana wenzangu walinichagua mimi. Nilipofika penye maneno kwamba hajawahi kukosea, mkono ulikataa. Nikaenda kwa mkuu nikamwambia usiku ule hapakuwa na ukungu wowote, na hesabu ya kwanza ina kosa. Akanisimamisha kazi papo hapo, na kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshika simu, akiomba darubini zielekezwe huko. Kama siku mbili zilizobaki zitatosha, sijui, na naogopa sana.

Nikiwa natoka na vitu vyangu, nilikutana na Mzee Desimali kwenye korido. Nikamwamkia. Nikamwamkia tena. Alinipita bila kuitikia, akipapasa ukuta kwa mkono.

Nisalimie shemeji na wazazi wa mtoto, wala usiwatishe. Tatu si mia. Mtoto mbusu kwa niaba yangu.

Na wewe dada, shikamoo. Tafadhali niitikie, hata kwa mstari mmoja.

Ni mimi,
Mdogo wako