Mbalamwezi Moja Haikutosha

Katonga, 5 Januari 2026

Dada Melania,

Shikamoo. Nimemdanganya Baba, na sijamwambia mtu mwingine. Samahani, sijauliza hata hali yenu. Shemeji na watoto hawajambo?

Yale mafua makali niliyotoka nayo bwenini yaliniisha kwa siku nne. Yalipomkamata Baba yalimwacha anahema. Nilimsindikiza hospitali. Alipokuwa ndani anavaa shati, daktari aliniambia mlangoni kuwa virusi vimevimbisha misuli ya moyo. Asifanye kazi nzito miezi mitatu, maana moyo unaweza kusimama, au damu ikaganda na kuziba mshipa kichwani.

Baba akatoka anacheka. "Kasema nipumzike, eeh? Basi mbalamwezi hii yote sishiki wavu. Inatosha?"

Unajua mbalamwezi wavuvi wote wanapumzika kwa kuwa dagaa hawafuati taa. Ni siku kumi tu! Nilitaka kusema, lakini benchi lilijaa watu. Nikajibu, "Ndiyo, Baba."

Jumamosi giza linaanza, anarudi ziwani. Karatasi aliyonipa daktari, yenye masharti hayo, nimeificha kwenye daftari la Baiolojia. Barua nampa Leonardi wa bodaboda, kwa sababu simu yetu ni ya Baba. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Asnath

Kalinzi, 8 Januari 2026

Mdogo wangu Asnath,

Marahaba. Sisi wazima, ila mtoto anaota meno, hatulali.

Mafua hayana mwenyewe, usijilaumu. Nimempigia Baba, nikamwambia aongeze mapumziko. Kanijibu, "Asnath ndiye aliyeongea na daktari, na kasema inatosha. Wewe ulikuwepo?" Umeona? Mimi hanisikii. Mwambie wewe, hata kama unatetemeka. Ukishindwa, mpe Mama hiyo karatasi. Lakini kabla ya Jumamosi, tafadhali.

Dada yako,
Melania

Katonga, 24 Januari 2026

Dada,

Shikamoo. Najua walikupigia kuwa Baba kaanguka. Hili hawakukuambia, kwa kuwa hawalijui.

Jumamosi ile jioni nilishuka mwaloni, mitumbwi ikijiandaa kuondoka, na karatasi ya daktari mkononi. Erasto, anayevua na Baba, akapaza sauti, "Nahodha, binti kaleta matokeo ya fomu foo! Soma tusikie, divisheni ngapi?" Wote wakacheka. Baba hakucheka. Alinitazama kwa fahari, kama kweli nimefaulu. Nikaikunja karatasi. Nikasema, "Baba, nimekuletea sweta." Akalivaa.

Asubuhi walimrudisha amelazwa juu ya nyavu, mdomo umekwenda upande. Mkono na mguu wa kulia havisikii. Hospitalini daktari ni yule yule. Alisema mshipa wa kichwani umeziba na moyo umechoka mno, hawezi kutuahidi kitu. Kisha akaniuliza, "Hakupumzika?"

Mama akawahi, "Alipumzika, daktari. Mbalamwezi nzima, kama ulivyosema. Asnath alisikia."

Daktari alinitazama mpaka muuguzi akamwita.

Sasa Mama anawaambia wageni kwamba Baba alifuata kila kitu, ni mipango ya Mungu tu. Akisema hivyo anapata nguvu ya kunyanyuka na kumgeuza. Baba haongei tena. Nikimlisha uji ananitazama vile vile kama siku ile mwaloni, na uji unamwagika.

Karatasi nimeichoma jikoni. Na wewe choma barua hizi. Usimwambie Mama, Dada, nakuomba. Usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Asnath