Magunia ya Maharagwe Yametufungia Mlango

Mama Kudra mpendwa, nakuomba unisaidie mawazo kabla mwaka mpya haujatufikia, kwa sababu mi sijui tena kama ni mimi ninayemkosea adabu mume wangu ao ni yeye anayetumaliza huku akiapa kwamba anatulinda.

Mume wangu Tajudini anauza maharagwe hapa Buyenzi, ni mutu mpole, anaswali, hajawahi kunipiga. Mwezi huu, Idi na Noeli zikiwa zinafuatana, jirani yetu Libère alikuta risasi ya hivi vita imetoboa bati lake ikaangukia kwenye sufuria, hakuumia mutu, lakini tangu siku hiyo Tajudini hapati usingizi, akaanza kuleta magunia ya maharagwe kutoka dukani na kuyapanga kwenye madirisha yote isipokuwa moja dogo la ukumbini, kisha akaziba mlango wa uani, kisha nyuma ya mlango wa mbele akabakiza nafasi ya kupita kwa ubavu, na mbabula, jiko letu la makaa, akaniingizia humo humo ukumbini ili risasi zisinikute uani nikipika. Nikamwambia, "Baba Houda, moshi utatuua." Akanijibu, "Moshi unabisha hodi. Risasi haibishi."

Kuamkia Idi mvua ikanyesha, bati likavuja, maharagwe ya mlango wa mbele yakanywa maji yakavimba, na asubuhi mlango ukagoma kabisa, Tajudini akatoka kwenda kuswali kwa kupitia dirisha, na kanzu yake, akarudi kwa dirisha, tena amefurahi: "Unaona? Hata mwizi hawezi kuingia."

Mchana akaja mama mkwe wangu, Bi Hayat, mwanamke mnene mwenye heshima zake, kula pilau. Tajudini akamwekea kiti nje, akamwambia apite dirishani, mama akakwama kiunoni, kichwa ndani, miguu nje, na hilo ndilo tundu pekee tulilokuwa tunapumulia. Mi napepea makaa, kichwa kinanigonga, binti yangu Houda akatapika, akalala chini ya meza, namwita haitiki. Bi Hayat akauliza kutoka dirishani, "Huyu mutoto mbona amelala na leo ni Idi?" Hapo nikapiga mayowe. Tajudini alikuwa anamsukuma mama yake aingie, Libère akaja akamvuta miguu atoke, huku akimwomba radhi, Bi Hayat akachomoka, hewa ikaingia, tukampitisha Houda, akafumbua macho huko nje.

Tajudini anasema ilikuwa njaa ya mfungo, na mutoto hajaanza hata kufunga. Sasa anataka kuziba na lile dirisha kabla ya mwaka mpya, kwa kuwa watu watafyatua risasi hewani, na sisi tupitie darini, ngazi ameshaagiza. Anasema nikigusa gunia nimemdharau mbele ya mama yake. Je, niyatoe akiwa sokoni, ao nimchukue Houda niende kwa dada yangu kule Ngagara?

Waridi, Buyenzi

*

Waridi, binti yangu, kama mbabula bado iko ukumbini, weka hili gazeti chini, itoe nje, halafu urudi usome.

Umerudi? Sasa nikuseme kidogo. Aliyeiingiza ni Tajudini, lakini aliyekuwa anaiwasha ni wewe. Makaa yakishika vizuri huoni moshi, ila hewa yake inamlaza mtu polepole, na usingizi huo ukikushika huna tena nguvu za kufika mlangoni. Pika uani, mchana. Ukisikia milio, acha chungu kiungue, ingia ndani mikono mitupu. Umeme ukikatika, usisimamishe mshumaa juu ya gunia. Uweke kwenye sahani yenye mchanga, mbali na pazia, na uuzime kabla ya kulala.

Hofu ya mumeo siichekei. Hata mimi wiki hii nimelala chini ya kitanda, na si mara moja. Magunia makavu yabaki kwenye dirisha la chumba cha mtoto, na siku watu wanapofyatua mlale wote sakafuni humo. Milango yote miwili iondolewe magunia, na ufunguo ukae mahali ambapo hata Houda anapafikia. Darini asipande mtu. Risasi ikishuka inaanza na bati.

Magunia usiyatoe kwa siri. Akirudi akute ukuta umeondoka, atajenga mwingine kwa mchele. Kwa dada yako utakwenda akikataa tu, na hapo usingoje ruhusa ya mtu, beba mtoto uondoke kungali mchana. Bi Hayat kampe pole nyumbani kwake; pilau mpelekee.

Kisha mngoje mumeo ashibe, mama yake asiwepo, Libère asiwepo. Mwambie: "Baba Houda, siku ile mutoto alitaka kutufia mikononi, na hakuna hata risasi moja iliyopigwa." Usiongeze neno. Halafu inuka, shika upande mmoja wa gunia la mlangoni, umngoje ashike wa pili.