Nilimwita Akimbie

Kwako Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye kibaraza changu cha ghorofa ya tatu, ambako nimeanika glavu kwenye waya na kukaa chini kukuandikia. Hali yako vipi? Lile goti limetulia, au bado unakanyaga cherehani kwa mguu mmoja? Shemeji naye hajambo? Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni nitakueleza humu, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika pabaya, nami ningeshukuru kukatizwa.

Barua yako niliipata Jumanne. Umenipongeza kwa kuchaguliwa timu ya taifa, umesema umewaringia wateja wote dukani kwamba suruali yangu nyeupe ya kwanza ulinishonea wewe kwa shuka la kitandani. Ni kweli, na ilikuwa na ua la bluu kwenye goti la kushoto, sijasahau nilivyochekwa. Kisha ukasema mwanao umemkaripia kwa kukurupuka uwanjani, ukaniomba nimfundishe kusikiliza wito wa mwenzake. Hapo niliikunja barua nikaiweka mfukoni, na tangu siku hiyo natembea nayo. Dada, umenivika kilemba cha ukoka bila kujua.

Najua kwako kriketi ni wanaume wazima waliovaa nguo nyeupe wakisimama juani kusubiri chakula cha mchana. Basi nivumilie kidogo. Kazi yangu mimi ni kufungua mchezo. Natoka wa kwanza na gongo langu, mpira ungali mpya na mgumu, warushaji wangali na nguvu zao zote, na nyuma yangu kuna vijiti vitatu ambavyo lazima visiguswe. Vikianguka, kazi yangu imekwisha kwa siku hiyo. Kwa miaka kumi na sita nimejifunza kitu kimoja tu, kuuwaza mpira huu unaokuja na si mwingine. Nagonga chini mara mbili, navuta pumzi, nasema kimoyomoyo, huu tu. Ule uliopita umepita, hata kama nusura uninyoe sikio. Mingi siigusi, naiacha iende zake mpaka mrushaji achoke na kukasirika. Nina daftari lenye tabia za kila mrushaji, nani huuma mdomo kabla ya kurusha wa kasi, nani hufupisha hatua akitaka kudanganya. Hayo ndiyo yaliyonifanya niitwe Komeo. Sikuzaliwa na kipaji, Dada. Nilijikaza kisabuni mpaka nikafanana na mwenye kipaji.

Halafu mwaka jana ukaniletea mwanao. Ulimshika mkono mlangoni hapa, ukasema sasa umenikabidhi, nimchunge kama wangu. Nikampa chumba cha mbele, nikampa glavu zangu za zamani, nikamwonyesha daftari. Alilifungua kurasa mbili akanirudishia kwa heshima, akasema mwandiko wangu mzuri.

Mwanao hana daftari. Anatoka kwenda kupiga huku anatafuna jojo. Mpira unaokuja kwa kasi ya kutisha yeye anauona mapema, anausubiri kama mtu aliyemwona rafiki yake kwa mbali, kisha anaupeleka nje ya uwanja kwa mkono mlegevu. Akikosea anacheka. Siku moja nilimwuliza anawaza nini mpira ukiwa njiani. Alinishangaa, akasema, Mjomba, niwaze nini tena, nauangalia tu. Nilicheka naye, nikaenda bafuni nikafungua bomba nikasimama tu pale. Kitu nilichokitafuta miaka kumi na sita, yeye amekuja nacho kwenye begi pamoja na mswaki.

Sitakuficha, nilimwonea wivu, na si ule wa kutaniana. Muuza mayai wa hapa chini alikuwa akinisalimu kwa jina la Komeo. Sasa ananiuliza mpwa wangu yu wapi. Gazeti lilitoa picha yetu tukipongezana, mimi nimeonekana kiwiko. Nilikikata kile kipande, nikakuambia kwenye simu ni kwa ajili yako, lakini sikukutumia. Jioni akiwa anapiga pasi nguo zetu zote mbili huku akiimba, roho iliniuma hata kwa jinsi anavyonyoosha kola. Nilijilaumu, kisha nikaendelea. Nikaanza kufurahi akitolewa mapema. Nilikuwa nampiga bega nikimwambia pole, na ndani yangu nikishusha pumzi.

Jumamosi ile unayoijua, kocha alituita asubuhi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alisema wateuzi wamekuja, na nafasi ya mfunguzi kwenye timu ya taifa imebaki moja. Hakutaja mtu. Hakukuwa na haja, wafunguzi tulikuwa sisi wawili. Mimi nina miaka thelathini na sita, Dada. Ikinipita hii hakuna nyingine. Mwanao alinong'ona kwamba ingefaa nichukuliwe mimi kwa sababu nimesubiri sana. Alisema kwa moyo safi, nami nikaona kama ananihurumia.

Tukatoka pamoja. Ilipofika karibu saa tano yeye alikuwa na mikimbio arobaini na mmoja, mimi kumi na miwili. Wapigaji huwa wawili uwanjani, mmoja kila upande, na mpira ukipigwa tunakimbia kubadilishana pande kabla vijiti havijaangushwa, na kila kubadilishana huhesabiwa mkimbio mmoja. Ukienda mbele, aliyeupiga ndiye anayeita. Ukienda nyuma yake hauoni, kwa hiyo mwenzake wa upande wa pili ndiye anayeita, na mpigaji hukimbia bila kugeuza shingo, maana kugeuka kunamla hatua mbili. Wito ni ndiyo, hapana, au ngoja, basi. Hilo ndilo la kwanza nililomfundisha alipofika. Nilimwambia asiutafute mpira, aifuate sauti yangu.

Mwanao akaugusa mpira ukaenda nyuma yake. Watu wote wanajua kilichofuata: alikimbia mpaka upande wangu, mimi nilikuwa nimesimama ndani ya mstari wangu, na kule alikotoka vijiti vikaangushwa. Kwa sheria, aliyeacha upande wake ndiye anayetoka. Chumbani alimwambia kocha kwamba alikurupuka kabla sijaita, na ndivyo alivyokuambia wewe. Jukwaani hakuna aliyesikia chochote, maana sauti zetu hazifiki huko. Mimi nikabaki, nikapiga mikimbio tisini na mmoja, wateuzi wakaandika jina langu.

Dada, niliita. Nilisema ndiyo, kwa sauti ileile ninayomwitia kila siku. Kabla sijafungua mdomo nilikwisha kumwona mdakaji mmoja mwepesi wa wapinzani ameinama na mpira uko mkononi mwake. Jibu lilikuwa hapana, hata mtoto wa shule angelijua. Nilisema ndiyo, nikapiga hatua mbili za kuonekana nimetoka, nikarudi. Mguu haukuteleza. Jua halikunipiga machoni. Alikuja mbio akiniangalia usoni, kwa imani, na alipofika alinikuta nimesimama. Alihema kidogo, akaniomba samahani, akatia gongo kwapani akaondoka. Mikimbio hiyo tisini na mmoja niliipiga nikisema huu tu, huu tu, na kila mpira uliokuja ulikuwa uleule mmoja.

Siku nne nilijidanganya kwamba hakugundua. Huenda kweli alidhani amesikia vibaya, nikasema, kijana mwenyewe hawazi. Jumatano kocha alitupa mazoezi ya kukimbia. Mpira ukaenda nyuma yake, safari hii mbali kabisa, mikimbio miwili ya bure. Nikaita ndiyo. Mwanao akageuza shingo. Aliutazama mpira kwanza, akanitazama mimi, ndipo akakimbia. Kocha akamfokea kwa kupoteza hatua mbili, akamwuliza nani amemfundisha upuuzi huo. Mwanao akajibu kwamba ni mazoea mabaya tu, atayaacha. Hakunitazama tena.

Nimetukanwa na majukwaa mazima katika maisha yangu na sijawahi kuumia namna ile. Wewe umemkaripia, kocha amemfokea, na yeye amenyamaza ili mjomba wake apate nafasi yake ya mwisho. Jana asubuhi nilimfuata kocha ofisini akiwa anashona nyavu, nikamweleza kama nilivyokueleza, bila kupunguza. Aliichomeka ile sindano kwenye wavu akaiacha hapo. Akasema atawapigia wateuzi simu, na kwamba nisije kwake tena mpaka aniite. Sijui wataamua nini. Wakimpa yeye nitaumia sana, sitajifanya mtakatifu, na siku atakayotoka na ile jezi nitakuwa na wivu mpaka kwenye kucha. Lakini nitakuwa na wivu nikiwa nimekaa jukwaani, si nikiwa nimesimama upande wake wa pili.

Mwenyewe sijamwambia. Nilijaribu jana kwenye chakula, nikaishia kumwomba chumvi. Leo akirudi sokoni nitamwambia, hata kama anajua, kwa sababu kujua kwake hakunitoshi mimi. Wewe naomba jambo moja tu: mpigie, umtake radhi kwa yale makaripio, na usimwambie ni mimi niliyekuomba. Mimi nikaripie utakavyo. Ukitaka kumchukua, sitakuuliza, maana ulinikabidhi akiwa anaamini sauti yangu.

Msalimie Shemeji, wasalimie na wale wateja wako, na uwaambie taratibu ile habari ya kuringa. Lipumzishe goti. Mwanao hajambo, amenenepa kidogo. Kabla ya kwenda sokoni aliponiona natoa karatasi aliuliza kama nakuandikia wewe, akakusalimu sana. Akanituma nikuandikie kwamba maneno yako ameyasikia, na siku hizi anausikiliza vizuri wito wangu.

Ni mimi, mdogo wako,
wa suruali ya shuka